Dawa ya tezi ya shingo na mifupa ya mwanamke: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nina kovu shingoni, la upasuaji wa tezi. Miaka ya mwanzo nililificha kwa leso, siku hizi naliacha wazi, na ndiyo maana maswali hayaniishi. Mimi ni muuguzi, nakaa Bombo, Uganda. Wanawake wakiliona hawaniulizi sana habari za upasuaji wenyewe. Wananivuta pembeni na kuniuliza: "Sista, ni kweli hizi tembe za tezi zinakula mifupa?" Nimejibu kwenye foleni ya zahanati, nimejibu sokoni, nimejibu hata msibani. Hapa nimeyaandika majibu kwa Kiswahili ili Mnubi, Mlugbara, Mganda na Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Kyangwali wasome ukurasa mmoja.

Basi, zinakula mifupa au hazili?

Dozi inayokutosha haili. Dozi inayokuzidi, ikikaa mwilini miezi na miaka bila mtu kuipima, hupunguza mifupa, hasa ya mwanamke aliyekwisha koma hedhi. Hayo mawili watu huyachanganya, na mkanganyiko huo umewafanya wengine waache dawa. Tembe ya levothairoksini ni homoni ileile ambayo tezi yako ingeitengeneza kama ingekuwapo, kwa hiyo ukipata kiasi kilekile ambacho tezi ingekupa, mfupa hauoni tofauti yoyote.

Niache dawa ili niokoe mifupa?

Hapana. Aliyeondolewa tezi yote hana akiba nyingine mwilini. Levothairoksini hupungua damuni polepole, nusu yake kwa muda wa siku 7 hivi, ndiyo maana wiki ya kwanza utajiona mzima na kudhani umeshinda. Baadaye huja baridi, uzito, usingizi, tumbo kufunga, uso kuvimba, moyo kwenda polepole. Mwisho wa safari hiyo ni kuzimia na hata kifo. Kama unahisi dozi ni kubwa, kapime damu, upunguziwe na daktari.

Homoni ya shingoni inaufikiaje mfupa?

Mfupa haujakaa tu kama jiwe. Fikiria nyumba ya udongo: kila mwaka kuna anayebandua udongo uliochoka na kuna anayekandika mpya. Mwilini nako kuna chembe zinazobandua mfupa wa zamani na chembe zinazojenga mpya, na kubandua ni kazi ya haraka kuliko kujenga. Homoni ya tezi ndiyo inayozitia haraka hizo chembe. Ikizidi, wabanduaji wanafungua mashimo mapya kabla wakandikaji hawajaziba ya zamani, na kila mzunguko unaacha upungufu kidogo. Mwaka 1891 daktari Mjerumani aitwaye von Recklinghausen alieleza mifupa ya mwanamke kijana aliyekufa kwa ugonjwa wa tezi kufanya kazi kupita kiasi: ilikuwa na matundu kana kwamba imeliwa na wadudu. Siku hizo tiba ilikuwa haba. Sisi tuna kipimo cha damu.

Nitajuaje kama dozi yangu imezidi?

Kwa kipimo cha TSH, na hapa naomba usome polepole kwa sababu ndipo wengi wanapopotea, wahudumu wa afya wakiwemo.

TSH nayo ni homoni, lakini haitoki shingoni. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiita tezi ya shingo ifanye kazi. Mama akimwita mtoto asiitikiwe, anapaza sauti. Mtoto akija, ananyamaza. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, homoni imepungua na ubongo unapiga kelele. TSH ikiwa chini sana, homoni imejaa na ubongo umenyamaza. Nimemwona mama aliyeambiwa "TSH yako iko chini, ongeza dawa", na akaongezwa. Ilitakiwa kinyume chake.

Kwa maabara nyingi kiwango cha kawaida ni kama 0.4 hadi 4.0. Ukibadilishiwa dozi, subiri wiki 6 hadi 8 ndipo upime, kwani kabla ya hapo TSH haijatulia na utapoteza pesa. Ukishatulia, mara moja au mbili kwa mwaka inatosha kwa walio wengi. Ukiwa unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, viache angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu, vinaweza kuyapotosha majibu.

Dalili nazo zipo: moyo kudunda, mikono kutetemeka, jasho, kukonda huku unakula, kukosa usingizi. Lakini usizitegemee. Mimi nilikuwa na TSH ya 0.05 na nilijisikia vizuri kuliko wakati wowote, napika, nafua, naimba. Mifupa inapopungua haina sauti.

Daktari wangu anataka TSH yangu ikae chini makusudi. Amekosea?

Inategemea ulipasuliwa kwa sababu gani. Hili ndilo swali ninalotaka kila mwanamke mwenye kovu kama langu aweze kulijibu akiamshwa usingizini.

Kama ilikuwa saratani ya tezi, TSH inaweza kuwa chakula cha chembe za saratani zilizobaki, hivyo daktari huongeza dozi kidogo ili ubongo unyamaze. Kwa saratani yenye hatari kubwa, mwanzoni hulengwa chini ya 0.1. Kwa hatari ya kati, 0.1 hadi 0.5. Kwa hatari ndogo, 0.5 hadi 2. Na lengo hilo si la maisha yote: miaka ikipita bila dalili ya saratani kurudi, hulegezwa. Wanaotibiwa Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, au kokote kwingine, waulize kila mwaka: "Daktari, lengo langu bado ni lilelile?"

Kama ilikuwa goita ya kawaida, ile ya vinundu ambayo bibi zetu wa milimani wameishi nayo, au goita ya kutoa macho, hakuna sababu ya kuiweka TSH chini. Hakuna kabisa. Lengo ni kiwango cha kawaida, basi.

Wengi wetu tunatoka wodini na kadi isiyosema lolote. Mimi nilipasuliwa kwa goita ya vinundu, nikapewa dozi, nikaambiwa "meza kila siku". Nilimeza miaka 3 bila mtu kuigusa, nami ni muuguzi! Majibu ya nyama iliyopelekwa maabara niliyapata nilipoyafuata mwenyewe, mara ya tatu. Kayafuate ya kwako. Yapige picha kwa simu, maana karatasi huliwa na panya.

Nina miaka 34, napata hedhi vizuri. Niogope?

Usiogope, ila usiache kupima. Homoni ya kike inaulinda mfupa wako, na kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi, hata wanaowekwa TSH ya chini kwa ajili ya saratani, upotevu wa mfupa haujaonekana kuwa mkubwa. Wenye jambo la kuangalia ni wale wenye sababu nyingine juu yake. Nazitaja chini.

Nimekoma hedhi. Hali yangu ni ipi?

Hapa ndipo mambo yanapokutana. Hedhi ikikoma, kinga ya homoni ya kike inaondoka, na katika miaka ya kwanza mwanamke anaweza kupoteza asilimia 1 hadi 2 ya mfupa kila mwaka, wengine zaidi, hata kama hajawahi kuiona tembe ya tezi. Ukiongeza dozi iliyozidi, wabanduaji wamepata msaidizi wa pili.

Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 13 zenye watu zaidi ya 70,000. Waliokuwa na TSH chini ya 0.1 walivunjika nyonga kwa kiasi cha asilimia 60 zaidi ya wenye TSH ya kawaida. Usiisome kama hukumu. Kwa mwanamke wa miaka 52 hatari yenyewe bado ni ndogo, na asilimia 60 ya kitu kidogo ni kidogo. Kwa bibi wa miaka 75 anayeteleza kwenye njia ya choo usiku, hiyo ni habari nyingine. Nyonga ikivunjika kijijini, kilomita nyingi kutoka kwa daktari wa mifupa, mara nyingi bibi haamki tena kitandani.

Kwa hiyo, aliyekoma hedhi na aliyepasuliwa kwa goita: TSH yako isiwe chini ya kiwango. Na aliyekoma hedhi na ana historia ya saratani: lengo lijadiliwe na daktari, saratani upande mmoja na mifupa upande wa pili.

Mbona nasikia ganzi mdomoni na vidoleni?

Acha kusoma ukapimwe kalsiamu, leo.

Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi nyingine ndogo, kwa kawaida 4, kila moja ukubwa wa punje ya mchele. Zinaitwa parathairoidi, na ndizo zinazosimamia kalsiamu ya damu. Wakati wa upasuaji zinaweza kujeruhiwa au kukatwa. Kalsiamu ikishuka huanza ganzi kuzunguka midomo, vidole kuchomachoma, kisha misuli kukaza na mkono kujikunja. Ikishuka sana huleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa wengi hutulia ndani ya wiki au miezi. Kwa wachache hubaki maisha yote, na hao humeza kalsiamu pamoja na vitamini D iliyokwisha kuamshwa, kalsitrioli au alfakalsidoli.

Wanaobaki hivyo huniuliza kama mifupa yao inaoza. La. Homoni ya parathairoidi ndiyo inayoutoa madini mfupa, na ikikosekana, mfupa kwa kawaida haupungui. Shida yao ni damu na figo. Kalsiamu ikizidi kwenye mkojo inaleta mawe, kwa hiyo na wao wana vipimo vyao vya kufuata.

Nimesikia tezi ilikuwa inatoa homoni ya kulinda mifupa, na sasa sina.

Hiyo ni kalsitonini. Kuikosa hakujaonekana kuwadhuru watu mifupa. Lala usingizi.

Kabla ya upasuaji tezi yangu ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Je, madhara yalibaki?

Yaani macho yalitoka, moyo ulidunda, ulikonda. Kipindi hicho mifupa ilikuwa inapungua, na ukikaa miaka bila tiba deni ni kubwa zaidi. Habari njema ni kwamba homoni ikirudi kawaida, mfupa hurejesha sehemu kubwa. Tena unaweza kurejesha kwa pupa: siku za kwanza baada ya upasuaji mifupa yenye njaa huivuta kalsiamu yote damuni, ukapata ganzi ileile niliyoieleza hata kama parathairoidi ni nzima.

Tembe niinywe saa ngapi?

Asubuhi, tumbo tupu, kwa maji matupu, kisha usubiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Chai yetu ni ya maziwa, na maziwa yana kalsiamu inayoishika dawa tumboni isiingie damuni. Kahawa nayo vilevile. Asiyeweza kusubiri asubuhi, kwa mfano anayepanga mboga sokoni saa kumi na moja alfajiri, anaweza kumeza wakati wa kulala, muda wa saa 3 ukiwa umepita tangu chakula. La maana ni kuchagua saa moja na kuishika.

Tembe za kalsiamu na za madini ya chuma zipishane na dawa ya tezi kwa muda wa saa 4 kamili. Kosa hili ni la kila siku: mama amepewa dawa ya tezi na kalsiamu, anazimeza pamoja ili amalize. Dawa haiingii, TSH inapanda, anaongezwa dozi. Siku akiacha kalsiamu, dozi ile kubwa inaingia yote, na mifupa ndiyo inayolipa. Dawa za kiungulia huleta shida kama hiyo. Na udongo wa kula, pamoja na emumbwa, vile vipande vya udongo na mitishamba, usiuweke karibu na dawa yoyote.

Mwezi wa Ramadhani tunameza usiku: ama wakati wa kulala kama umepita muda tangu futari, ama unaamka nusu saa kabla ya daku. Mimi nachagua la kwanza, maana la pili nimelishindwa miaka yote.

Kalsiamu niipate kwenye chakula gani?

Mwanamke anahitaji miligramu 1,000 kwa siku, na 1,200 akipita miaka 50. Matoke, mlo tunaoupenda, hayana kalsiamu ya maana. Posho, yaani ugali, halikadhalika.

Lakini angalia kilicho pembeni ya sahani. Mukene, yaani dagaa, tunamla na mifupa yake, na mifupa yake ndiyo kalsiamu yenyewe. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina miligramu 300 hivi, na maziwa ya kuganda, bongo, yanafaa kwa yule ambaye maziwa mabichi yanamjaza gesi. Simsim lisilokobolewa, yaani ufuta, kijiko kimoja cha chakula kina karibu miligramu 90, kwa hiyo watu wa kaskazini wanaochanganya simsim kwenye mboga wanafanya tiba bila kujua. Halafu kuna wimbi, yaani ulezi. Gramu 100 za unga wake zina kama miligramu 340, nafaka nyingine za kawaida haziufikii. Uji wa wimbi tumeuachia watoto na wagonjwa, tukanunua mkate mweupe ili tuonekane tumeendelea. Sombe, yaani kisamvu, na sukuma zinasaidia. Dodo, yaani mchicha, ina kalsiamu pia, ila sehemu yake imefungwa na asidi ya mboga hiyo, usiihesabu yote.

Ukila hivyo, huenda huhitaji tembe za kalsiamu. Ukizihitaji, usimeze zaidi ya miligramu 500 kwa mkupuo, mwili hauwezi kuchukua zote.

Jua letu halitoshi kwa vitamini D?

Kwa mkulima anayeshinda shambani, mara nyingi linatosha. Kwa aliyevaa buibui, au anayekaa ofisini Kampala asubuhi hadi jioni, huenda lisitoshe hata tukiwa juu ya ikweta. Keti uani kwako, mikono na miguu wazi, dakika kadhaa mara chache kwa wiki.

Kuna dawa nyingine zinazogusa mifupa?

Ndiyo, na huku kwetu ni za kawaida. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3, ile ya Depo, hupunguza uzito wa mfupa unapoitumia, na mwingi hurudi ukiacha. Tenofovir iliyomo kwenye dawa za kupunguza makali ya VVU hupunguza kidogo pia. Usiiache! Mwambie tu mhudumu kwamba una tezi iliyoondolewa. Na kama dawa yako ina dolutegravir, kalsiamu na chuma vinaishika hiyo nayo, isipokuwa uzimeze pamoja na chakula.

Mbaya kuliko zote ni prednisoloni na deksamethasoni za muda mrefu. Wapo wanaozimeza kama tembe za kunenepa, kwa ushauri wa rafiki. Hizo zinaharibu mifupa kwa kasi ambayo dawa ya tezi haiwezi kuifikia.

Nipimwe mifupa?

Kipimo kinaitwa DEXA. Ni picha ya mionzi hafifu ya nyonga na mgongo, hakiumi, na mashine zake ni chache nchini. Kijana aliyepasuliwa kwa goita hakihitaji. Anakihitaji aliyekoma hedhi na TSH yake imekaa chini muda mrefu, au aliyevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, au amekuwa mfupi kuliko zamani. Jibu husomwa hivi: -1 kwenda juu ni sawa, kati ya -1 na -2.5 mifupa imepungua, -2.5 kushuka chini ni ugonjwa unaohitaji tiba.

Tiba ya kawaida ni alendroneti, tembe ya miligramu 70 mara moja kwa wiki, na glasi nzima ya maji, kisha usilale wala kuinama kwa nusu saa, la sivyo inachoma koo la chakula. Siku hiyo dawa ya tezi imezwe usiku. Na asipewe mtu mwenye kalsiamu iliyoshuka, jambo linalotuhusu sisi wenye makovu kuliko wengine.

Nilime? Nibebe jerikeni?

Lima. Mfupa hupata nguvu ukitumika, na jembe, kutembea na kupanda kilima ni mazoezi tosha. Jerikeni ya lita 20 ni sawa kama mgongo ni mzima. Kama pingili ya mgongo imewahi kubonyea, gawa maji kwenye vijerikeni vidogo na uchuchumae badala ya kuinama. Nyumbani, taa ya njia ya choo ina thamani kuliko tembe nyingi.

Nimeshika mimba. Nipunguze dawa kwa ajili ya mifupa?

Hapana, utaongezewa. Mahitaji hupanda mapema, mara nyingi kwa robo au zaidi, na mtoto anakutegemea wewe. Ukiona hedhi imekosa, nenda kliniki wiki hiyohiyo, usisubiri tumbo litoke.

Duka la dawa halina tembe zangu, wamenipa za kampuni nyingine.

Zichukue, kukosa ni kubaya zaidi. Hakikisha mikrogramu ni zilezile. Usihamishie tembe kwenye mfuko wa plastiki, ziache kwenye pakiti yake, mbali na jiko na dirisha, maana joto na unyevu huzidhoofisha. Kampuni moja na nyingine hutofautiana kidogo, kwa hiyo hesabu wiki 6 hadi 8 kwenye kalenda ya ukutani, uzungushie duara siku hiyo, ukapime TSH.